Anza na Aliye Ndani

Hii ni hotuba niliyoitoa Dodoma mbele ya mawakili wa Serikali vijana, wasaidizi wa kisheria, watendaji wa kata na wanafunzi wa sheria. Waliokosa nafasi ukumbini wameniomba niiweke yote. Nimeiweka kama nilivyoisema.

Mbukwenyi!

Asanteni. Nimewasalimu kwa Kigogo kwa sababu nimezaliwa Kibakwe, Mpwapwa, na kwa sababu mengi nitakayoyasema leo nimeyajifunza katika vijiji vya huku kwetu kuliko darasani. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Waheshimiwa watendaji, mawakili wasomi, wasaidizi wa kisheria mnaotembea kwa miguu kutoka kitongoji hadi kitongoji, wanangu wa vyuo, nawashukuru kwa kuja.

Nilisimama mahakamani kwa niaba ya Jamhuri kwa miaka 24. Nimestaafu. Wiki tatu zilizopita binti mmoja niliyemlea kazini alinipigia simu usiku. Amepewa wilaya aisimamie upande wa mashtaka. Sauti yake ilikuwa ya furaha na woga kwa pamoja. Akaniambia, "Mama, nimefika, kila mtu ana lake. Polisi wanataka majalada yao yasirudishwe. Mahakama wanataka mashauri ya zamani yaishe. Wafugaji wanataka wezi wa mifugo wafungwe maisha. Wanaharakati wanataka watu watolewe. Na mimi nina mawakili watatu na gari moja. Nianze na lipi?"

Nilimjibu kwa maneno manne: "Anza na aliye ndani." Akanyamaza. Nikajua hajaelewa, au ameelewa na amechoka kusikia watu wazima wakiongea kwa mafumbo. Kwa hiyo leo namjibu vizuri, mbele yenu nyote. Yupo humu ukumbini, lakini sitamnyooshea kidole.

Kwanza nikubali jambo moja. Mageuzi ya haki jinai nchi hii yanazungumzwa sana, na ni vizuri. Tarehe 31 Januari 2023, hapo Chamwino, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Julai mwaka huo huo Tume ikakabidhi ripoti yake. Ilisema wazi kwamba nguvu kubwa inatumika kukamata watu, kwamba vyombo vyenye mamlaka ya kukamata vimekuwa vingi mno, kwamba upelelezi unahitaji chombo chake. Mimi naunga mkono. Lakini mambo hayo yanahitaji Bunge, yanahitaji bajeti, yanahitaji miaka. Je, mwendesha mashtaka wa wilaya akae akisubiri? Jumatatu asubuhi, kwa sheria ile ile iliyopo na gari lile lile moja, hana la kufanya?

Analo. Na ni kubwa kuliko anavyodhani.

Someni Ibara ya 59B ya Katiba. Inamwambia Mkurugenzi wa Mashtaka, na sisi tunaofanya kazi kwa jina lake, kwamba atakuwa huru, hataingiliwa na mtu wala mamlaka yoyote, na kwamba atazingatia mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Ndugu zangu, nioneshe hapo neno "kushinda." Nioneshe neno "kufunga." Halimo.

Wengi wenu mnazijua nyumba za tembe. Nyumba ya babu yangu ilizunguka zizi, na wote, watu, ng'ombe, mbuzi, tulipita mlango mmoja. Babu alilala karibu na mlango huo. Hakulala pale kwa sababu ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Alilala pale kwa sababu hakuna kilichoingia wala kutoka bila yeye kujua. Katika haki jinai ya wilaya, anayelala mlangoni ni mwendesha mashtaka. Polisi anakamata, hakimu anahukumu, magereza wanatunza. Nani anaamua kwamba mtu huyu ashtakiwe, na kwa kosa lipi, na shauri liendelee au liishe? Ni wewe.

Sasa niwaeleze kwa nini nasema aanze na aliye ndani.

Nilikuwa na mwaka wa sita kazini, katika wilaya moja ya kanda hii ambayo sitaitaja. Tulikwenda gerezani na kamati ya kusukuma mashauri: hakimu, afisa wa polisi, mtu wa magereza, afisa ustawi wa jamii, na mimi. Mahabusu walikaa chini, mistari imenyooka. Wakaambiwa mwenye shida anyooshe mkono. Mstari wa nyuma akasimama kijana mwembamba, ameshika kipande cha boksi la sabuni. Juu ya kile kipande alikuwa ameandika, kwa kalamu ya bluu, tarehe zote alizopandishwa karandinga kwenda mahakamani. Akaanza kuzisoma. Hakulalamika, hakulia, alisoma tarehe tu. Tarehe tano. Tarehe kumi na tisa. Tarehe tatu. Tarehe kumi na saba. Alipofika ya 27 hakimu akamwambia, "Inatosha kijana, tumekuelewa." Akajibu kwa adabu kabisa, "Mheshimiwa, zimebaki thelathini na moja."

Zilikuwa tarehe 58. Kila baada ya siku 14, miaka miwili na zaidi. Na katika kila tarehe ya hizo 58, kuna mtu alisimama akasema maneno ambayo kila mmoja humu anayajua kwa moyo: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Nani aliyasema? Niliyasema mimi. Siku ambazo sikuwepo, aliyasema mwenzangu kwa maelekezo yangu.

Nilirudi ofisini nikatafuta jalada lake. Rejista yetu ilionesha tumelirudisha polisi. Rejista ya polisi ilionesha wametuletea. Lilipatikana siku ya tatu, ndani ya kabati, chini ya boksi la karatasi za kuchapia. Kona moja ilikuwa imeliwa na mende. Nikalifungua. Ukurasa wa juu kulikuwa na maelekezo kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Chukua maelezo ya shahidi wa pili kisha rudisha." Shahidi wa pili alikuwa muuza mkaa, na alikuwa ameshahama zamani. Mstari mmoja wa mwandiko wangu ulikuwa umemweka kijana ndani miaka miwili.

Na lile shtaka je? Unyang'anyi wa kutumia silaha. Mnajua adhabu yake ni miaka 30, na mnajua halina dhamana. Silaha ilikuwa nini? Fimbo. Fimbo ya kuchungia! Hivi ni mchungaji gani wa Kigogo anayetoka asubuhi bila fimbo mkononi? Nikasoma maelezo ya mlalamikaji, kwa utulivu, kitu ambacho nilipaswa kukifanya siku ya kwanza. Mlalamikaji mwenyewe alisema walikuwa wanadaiana shilingi 40,000, wakagombana njiani, kijana akachukua simu akisema ataishikilia mpaka alipwe. Hapo palikuwa na ugomvi. Pengine palikuwa na kosa dogo. Unyang'anyi wa kutumia silaha haukuwepo.

Shauri likafutwa. Nilisimama nikasema Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea na mashtaka, na kijana akatoka. Baba yake alikuwa amekaa nje chini ya mwarobaini. Baadaye niliambiwa katika ile miaka miwili aliuza ng'ombe wanne, nauli na chakula cha kumpelekea mwanawe. Ng'ombe wanne kwa mzee wa Bahi au Chamwino mnajua maana yake. Hakuna hati ya mahakama iliyowarudisha wale ng'ombe.

Katiba, Ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Yule kijana alitendewa vipi? Alilala wapi? Alikula nini? Alivaa nini? Ukiingia mahabusu ya gereza lolote lililojaa, niambie ni kwa jicho gani utamtofautisha aliyehukumiwa na anayesubiri.

Kwa hiyo binti yangu, na wenzako wote mliopewa wilaya, kazi ya kwanza ni hiyo. Kabla hujapanga meza, kabla hujaitisha kikao cha utambulisho, chukua orodha ya mahabusu wote wa wilaya yako. Jina, kosa, tarehe ya kuingia. Ipange kwa siku, aliyekaa sana juu. Kisha kwa kila jina uliza: jalada lake liko mezani kwa nani leo? Usikubali jibu la "lipo kwenye mchakato." Mchakato hauna meza. Mtu ana meza. Uliza nani.

Halafu soma shtaka upya, kana kwamba hukuliandika wewe. Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa kama mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha ni halali. Hiyo ndiyo sheria na tunaitii. Lakini mnaona uzito unapohamia? Unahamia kwenye kalamu. Hakimu hana uwezo wa kumpa dhamana mtu uliyemwandikia kosa lisilo na dhamana, hata akiona kwa macho yake kwamba jambo lenyewe ni la simu na deni la shilingi elfu arobaini. Ukiandika "silaha" umefunga mlango, na hakuna mwingine mwenye ufunguo. Ukiandika "mauaji" kwa watu wawili waliopigana kilabuni wakiwa wamelewa, mmoja akaanguka kichwa kikagonga jiwe, umemweka yule aliyebaki kwenye foleni ndefu ya kungoja kikao cha Mahakama Kuu, wakati kila aliyesoma jalada anaona ni kuua bila kukusudia. Kwa nini tusiseme hivyo mwezi wa pili? Kwa nini tuseme mwaka wa nne?

Mwaka 2022 Bunge, hapa hapa Dodoma, lilirekebisha sheria likasema shtaka lisipelekwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Hatua kubwa sana, na mimi nililia siku ile, nisiwafiche. Lakini makosa makubwa yameachwa nje ya sharti hilo. Mnaona hatari? Mvivu ataona njia rahisi: kosa likipandishwa ukubwa, sharti linaondoka. Mwendesha mashtaka anayelala mlangoni hataruhusu kosa lipandishwe cheo ili upelelezi upumzike.

Na kuna makubaliano ya kukiri kosa, tuliyonayo tangu 2019. Ni chombo kizuri kikitumika kati ya watu wawili waliokaa meza moja. Lakini mtu aliyefungiwa mlango bila dhamana hajadiliani, anaomba kutoka. Atakubali chochote. Ukiona mshtakiwa anakubali haraka sana, rudi ukasome jalada.

Na watoto. Naomba nisipite bila kuwataja. Tuna Sheria ya Mtoto tangu 2009, lakini polisi akiandika "umri miaka 18" kwa kukadiria, mtoto wa miaka 15 anakaa na watu wazima. Mtazame usoni. Mpigie simu mwalimu wake mkuu, itisha kadi ya kliniki. Simu moja tu.

Nije kwenye jambo la pili. Nitasema jambo ambalo baadhi yenu watendaji hamtalipenda, lakini nimewaita wazee wangu na nitasema kwa heshima.

Yapo mashtaka ambayo hayapaswi kuandikwa kabisa.

Nilikuwa zamu siku moja walipoletwa watu 14 waliokamatwa usiku kwa uzururaji. Msako. Miongoni mwao alikuwepo binti wa miaka 19 aliyekuwa anauza chai na maandazi kituo cha mabasi. Chupa yake ya chai ilikuwa pale mapokezi kama kidhibiti. Ilikuwa bado na chai ndani. Mtu fulani alikuwa amewaambia wote, "Kirini, mlipe faini, mwende zenu." Akakiri. Faini hakuwa nayo. Nikasimama, nikasema yale maneno mengine tunayoyajua kwa moyo: "Tunaomba adhabu kali iwe fundisho kwake na kwa wengine wenye tabia kama hii." Tabia ipi? Ya kuuza chai usiku? Akaenda ndani. Saa tisa alasiri mama mmoja alifika mahakamani na mtoto mchanga mgongoni anayelia, akiuliza mama wa mtoto huyu yuko wapi, kwa sababu ameachiwa tangu jana na maziwa hana.

Sikuwahi kutamka tena ile sentensi bila kuisikia ile sauti.

Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha hapa kwetu, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinakinzana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Jambo la kurekebisha sheria ni la Bunge. Lakini la kuandika au kutoandika hati ya mashtaka ni la nani? La Bunge pia? Hapana jamani. Hilo ni lako.

Najua mnalotaka kuuliza. Mtendaji mmoja wa kata aliwahi kunikabili mkutanoni: "Wakili, mkiwaachia nyie, wananchi watamaliza wenyewe." Na ni kweli wapo waliomalizwa. Nimeona maiti ya mwizi wa kuku. Sitalidharau swali hilo. Lakini nimelifikiria kwa miaka mingi, na jibu langu ni hili: wananchi hawachukui mawe kwa sababu tumemwachia muuza chai. Wanachukua mawe kwa sababu yule jambazi wanayemjua alikamatwa, akarudi, na hakuna aliyewaeleza kwa nini. Wanaona mtu anarudi kijijini, wanasema kahonga. Pengine hakuhonga. Pengine shahidi hakufika, kwa sababu aliitwa mara tatu kwa nauli yake mwenyewe na mara tatu shauri likaahirishwa, mara ya nne akaenda kupalilia mtama wake. Nani alikwenda kijijini kuwaeleza hivyo? Hakuna.

Basi nenda. Gari ni moja, lakini mikutano ya kijiji ipo. Ukifuta shauri linalogusa kijiji kizima, nenda kasimame useme kwa nini. Utazomewa mara ya kwanza. Nilizomewa. Mara ya tatu wazee walinipa kigoda.

Na kwa yale makosa madogo yanayostahili kuadhibiwa, tumia tulichonacho. Sheria ya Huduma kwa Jamii ipo tangu 2002. Mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kufagia zahanati, kuchimba mtaro wa shule, akilala kwake na watoto wake. Mara ngapi sisi upande wa Jamhuri tumesimama tukaiomba wenyewe? Tunangoja hakimu aikumbuke. Iombe wewe. Ugomvi wa majirani waliotukanana na kusukumana kisimani, sheria inaruhusu mahakama iwapatanishe. Wapatanishwe, warudi kisimani wakachote maji.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanaponielewa vibaya. Wanasema, "Mama yule ni wa huruma, anataka kila mtu aachiwe." Sitaki kila mtu aachiwe. Nataka nafasi mezani. Nataka muda. Mawakili watatu, gari moja, saa 24 kwa siku. Kila saa unayoitumia kwa fimbo ya kuchungia na chupa ya chai, umeiiba mahali. Umeiiba kwa nani?

Nitawaambia kwa nani.

Alikuwa na miaka tisa. Kijiji kimoja, sitasema kipi. Alifanyiwa unyama na mtu mzima anayemjua, mtu aliyekuwa akimtuma dukani. Mama yake alifanya kila kitu sawa. Alimpeleka polisi siku ile ile, akapata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akampeleka hospitali, hakuzifua zile nguo. Wazee wa ukoo wakamfuata na mbuzi wawili wakitaka yaishe nyumbani. Akakataa. Jamani, mnajua ujasiri anaohitaji mwanamke wa kijijini kukataa mbuzi wa wazee?

Shauri lile nilipewa jioni, lisikilizwe asubuhi. Siku hiyo nilikuwa na mashauri mengine 11. Nililisoma jalada ndani ya gari. Asubuhi mtoto akapanda kizimbani. Alikuwa mdogo kiasi kwamba walimpa stuli asimame. Akaeleza. Alieleza kwa maneno yake, bila kuyumba, na ukumbi wote ukainamisha vichwa.

Sheria yetu ya Ushahidi, tangu marekebisho ya 2016, inataka mtoto wa umri mdogo, kabla hajaanza kutoa ushahidi, aahidi kusema kweli na si uongo. Ahadi tu. Sentensi moja ya mtoto, na iandikwe kwenye kumbukumbu. Asubuhi ile ahadi haikuchukuliwa. Hakimu alipitiwa. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kusimama na kusema, "Mheshimiwa, kabla hatujaendelea," mimi nilikuwa nawaza shauri la pili na la tatu.

Mtu yule alipatikana na hatia. Akakata rufani. Miaka kadhaa baadaye kumbukumbu zikasomwa, ahadi haimo. Ushahidi wa mtoto ukaondolewa. Uliobaki haukutosha. Akatoka.

Mama alikuja ofisini. Hakuja na kelele. Alikaa kwenye benchi la korido tangu saa mbili asubuhi mpaka nilipotoka mahakamani saa saba. Aliniuliza swali moja: "Mwanangu alisema uongo?" Nikamwambia hapana mama, mwanao alisema kweli. Akasema, "Sasa kwa nini yule amerudi?" Nikajaribu kumweleza kifungu. Nilipokuwa naeleza nilimwona anatazama midomo yangu kama mtu anayetazama mtu anayeongea lugha ya mbali. Binti alikuwa na miaka 14 wakati huo. Alikuwa ameacha kwenda kisimani peke yake.

Ndugu zangu, saa niliyomnyima mtoto yule ilikwenda wapi? Ilikwenda kwenye yale mashauri 11. Miongoni mwake nakumbuka mawili ya ugomvi wa kilabuni, moja la matusi, na matatu ambayo upelelezi ulikuwa haujakamilika na sikuwa na la kusema zaidi ya kuomba tarehe.

Ndiyo maana namwambia binti yangu aanze na aliye ndani. Akianza hapo, meza inasafishika, na kilichobaki mezani anakiona. Yale ya watoto, ya wanawake waliopigwa hadi kulazwa, ya mauaji, ya wakubwa waliokula fedha ya zahanati, hayo yapewe wakili mmoja tangu siku ya kwanza mpaka hukumu, asibadilishwe katikati. Akutane na shahidi kabla ya siku ya ushahidi. Akae na mtoto, amwoneshe chumba, amwambie nani atakaa wapi. Na ukutani ofisini ibandikwe karatasi moja: ahadi ya mtoto, imechukuliwa? PF3, imepokelewa na daktari ameitwa? Mnyororo wa vielelezo, yaani kumbukumbu ya nani alishika kielelezo na lini, umekamilika? Mambo ya kawaida kabisa. Wabakaji wangapi wametoka kupitia mambo ya kawaida?

Mtaniuliza, nani atampima mwendesha mashtaka huyu? Kule Marekani waendesha mashtaka wengi wa wilaya huchaguliwa kwa kura. Philadelphia walimchagua Larry Krasner mwaka 2017, na mwaka uliofuata akawaagiza mawakili wake, wanapoomba kifungo, waitajie mahakama gharama ya kifungo hicho kwa mlipa kodi. San Francisco walimchagua Chesa Boudin 2019, na Juni 2022 wapiga kura wakamwondoa kabla ya muda wake. Sisi hatupigi kura hiyo, na mimi sioni ubaya. Kura nayo ina hasira zake. Lakini maana yake ni kwamba mkulima wa Chemba hana njia ya kukuondoa ukimsahau mwanawe ndani. Basi jipime mwenyewe, hadharani. Tukizoea kuhesabu tumeshinda mashauri mangapi tu, tutachukua yaliyo rahisi kushinda, na rahisi kuliko yote ni la muuza chai aliyekiri. Hesabu mahabusu wamekaa siku ngapi. Hesabu majalada yamelala siku ngapi kila meza. Hesabu mashahidi wangapi walifika wakarudishwa bila kusikilizwa. Bandika hesabu hizo kwenye ubao wa matangazo, kila mwezi, pale ambapo mtu anayesubiri kwenye benchi atazisoma.

Na simu zitapigwa. Mkubwa atapiga. Atasema, "Huyo mwacheni akae kwanza ajifunze." Mkuu wa wilaya ana uwezo kisheria wa kumweka mtu ndani saa 48, baada ya hapo mtu huyo anafika mlangoni kwako, na mlangoni kwako panatakiwa ushahidi. Jibu kwa heshima, "Mheshimiwa, naomba jalada." Ukiona jalada halina kitu, usiandike shtaka. Kama Ibara ya 59B haina kazi siku hiyo, ina kazi siku gani?

Nakaribia kumaliza. Wasaidizi wa kisheria, nimewaona mko wengi safu za nyuma. Ninyi ndio mnaowajua wale ambao majalada yao yamelala, kwa sababu mama zao huja kwenu kabla hawajaja kwetu. Pale mlangoni kuna meza, juu yake nimeweka madaftari mawili na kalamu. Kabla hamjakwenda kunywa chai, naomba kila mwenye kujua mtu aliye mahabusu zaidi ya miezi sita aandike: jina, kosa, tarehe aliyoingia, na mara ya mwisho aliambiwa nini mahakamani. Binti yangu ataondoka na daftari moja leo jioni. La pili nitabaki nalo mimi, na mwezi ujao tarehe kama hii nitampigia simu, tusome jina moja moja.